Mabegi Mawili, Mtu Mmoja

Mume wangu alibeba mabegi ya watu kwa miaka kumi na tisa. Aliendesha basi dogo la hoteli moja karibu na uwanja wa ndege wa hapa Minneapolis, akipeleka wasafiri na kuwarudisha, theluji iwe inaanguka au jua linawaka. Msafiri akitokea na begi, yeye hushuka, huliinua, hulipanga nyuma. Yeye mwenyewe katika miaka yote hiyo alisafiri mara mbili tu, na mara zote mbili alikwenda Mombasa kuzika.

Siku moja mtu alisahau kitabu cha picha kwenye kiti cha basi. Kilikuwa cha matembezi ya Australia. Alikaa nacho kazini wiki nzima, mwenyewe hakutokea, akaja nacho nyumbani akakiweka juu ya meza ya chakula.

"Njoo uone, mke wangu. Kwanza pwani. Halafu mashamba ya zabibu. Halafu miji ya jangwani huko ndani kabisa, ardhi nyekundu kama matofali. Siku kumi na mbili kwa basi kubwa. Na unajua raha yenyewe iko wapi?"

"Wapi?"

"Dereva ni mwingine!"

Akasimama katikati ya jikoni, akatia mikono mfukoni. "Begi langu atalibeba yeye. Mimi nitasimama hivi, namtazama."

Nilimwambia mashamba yale ni ya mvinyo, sheikh akisikia atasema nini. Akanijibu, "Sheikh hali zabibu? Sisi tutakula zabibu. Tutakwenda mwezi wa tisa, ndio zinaiva. Huoni sokoni Saint Paul, wakulima wanazileta mwezi gani? Nitakuchumia kishada kwa mkono wangu huu."

Basi tukaanza kuweka akiba, na baada ya baridi mbili viti vyetu viwili vikawa tayari. Alilipanga begi lake mwezi wa nne, miezi mitano kabla ya safari, kama mtoto anayengoja Idi. Akaliweka nyuma ya mlango wa chumbani. Kila nikifagia naligonga, nagomba, naye anacheka.

Mwezi wa tano, asubuhi, alianguka mbele ya hoteli na begi la mgeni mkononi. Waliniambia mgeni yule aliketi chini kwenye lami akamshika mkono mpaka gari la wagonjwa likaja. Simjui mgeni huyo, sijui alikuwa anakwenda wapi. Namwombea.

Nikaingia eda. Kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na tunamwita kizuka. Havai rangi, hatii wanja wala manukato, hapaki hina, hatoki nyumbani ila kwa haja. Sikuona uzito wowote. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye walisema nilidharau mila. Mimi na mume wangu hatukujaliwa watoto, nyumba ilikuwa kimya, na ile nguo nyeupe ilinifaa. Iliwaambia watu kilichonipata bila mimi kufungua mdomo. Baada ya mwezi mmoja nilirudi kazini, natunza wazee katika nyumba moja huko Golden Valley. Kizuka anaruhusiwa kutoka mchana kwa riziki yake. Wapo walionong'ona hata hapo.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja kulala kwangu wiki za mwanzo. Alinipikia, alinikanda miguu, alilia nami. Alikuwa na ufunguo wa nyumba yangu na sikumnyang'anya hata tulipokosana. Kukosana kulikuja mwezi wa nane, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alipokuja pamoja naye na kukaa mezani pangu.

"Shemeji, ile safari umeshaifuta?"

"Sijaifuta."

"Utaifuta lini?"

"Sitaifuta."

Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama chai.

"Nimehesabu eda yako," shemeji akasema, na akatoa mfukoni karatasi ya kalenda ya ukutani, ile wanayogawa kwenye bucha, siku zimezungushiwa kalamu. "Miezi minne na siku kumi. Inaisha Jumapili. Ndege yako ni Jumatano iliyo kabla yake. Unataka kupanda ndege ukiwa kizuka?"

"Hiyo ni miezi ya kazini, shemeji. Eda inahesabiwa kwa mwezi mwandamo. Kaka yako alifariki mwezi mosi, siku mwezi ulipoandama, hesabu haina ugumu. Inaisha Jumanne."

"Siku tano nzima zimekwenda wapi?"

"Hazikuwepo."

Nimesoma shule mpaka darasa la saba tu, lakini chuo cha Kurani nilikimaliza, na bibi yangu alikaa eda mara mbili nikiwa miguuni pake. Kila mwezi ukiandama alinituma nje niutazame, halafu alifunga fundo kwenye uzi. Nami nilifunga uzi wangu, mwezi kwa mwezi, nikiutafuta kutoka kibarazani ghorofa ya pili, juu ya paa la duka la matairi. Nilimuuliza pia sheikh anayetusomesha wanawake, akasema kwa mwezi mwandamo, na kama shemeji ana shaka amuulize yeye.

"Sheikh huyo hajui mila za kwetu," shemeji akasema.

"Mila za kwetu ndizo zinatazama kalenda ya bucha?"

Wifi akacheka bila kutaka, kisha akakunja uso. "Wifi, usifanye utani. Watu watasema ulimfukia ndugu yetu ukaenda kustarehe. Mwanamke peke yake, kwenye mashamba ya ulevi!"

"Watu gani?"

"Watu."

"Waambie waje kwanza wakae nami eda, halafu waseme."

Shemeji akasimama. "Ukienda kabla ya Jumapili, hatutakutoa eda. Utabaki hivyo hivyo. Usitutafute."

Hilo lilinichoma. Kwetu kizuka hajitoi mwenyewe. Siku ikifika wanawake wa upande wa mume huja, humwogesha, humwagia maji kichwani, humvua nyeupe, humvika nguo mpya na kumtia manukato. Asipotolewa ni kama mtu aliyeachwa chumbani na mlango umefungwa kwa nje.

Sasa niseme ukweli wangu. Kama safari ingekuwa mwezi wa kumi, ningekubali Jumapili yake bila ubishi, na uzi wangu ningeuficha. Niliutetea mwezi kwa sababu mwezi ulikuwa upande wangu. Lakini hesabu ilikuwa ya haki. Na mume wangu alikuwa amelipanga begi.

Jumanne jua lilipozama eda yangu ikaisha. Niliketi sebuleni nimewasha taa zote. Hakuna aliyekuja. Jumatano nikatoka na mabegi mawili, langu na lake.

Pale uwanjani msichana wa kaunta akaniuliza lile swali lao: mabegi haya umeyapanga mwenyewe?

Nikasema, "Hili ndiyo. Hili hapana."

"Nani kalipanga?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

Wangeweza kunikasirikia. Walikuja walinzi wawili, wakaomba kulifungua mbele yangu, na mimi sikuwa nimelifungua tangu mwezi wa nne. Walikuwa na adabu. Vikatoka vikoi viwili, shati jipya lenye kibandiko bado, viatu vya wazi, kofia, kile kitabu cha picha. Chini kabisa, kwenye soksi, mkasi mdogo wa kukatia matawi. Mwanamume aliyekuwa anapekua akauinua akaniangalia.

"Ni wa zabibu," nikasema.

Akaurudisha ndani ya soksi, na soksi akaikunja vile vile ilivyokuwa.

Niliondoka Jumatano nikafika Melbourne Ijumaa. Alhamisi ilipotelea njiani, juu ya maji. Nilipotulia hotelini nilicheka peke yangu: katika zile siku tano za shemeji, moja ilikuwa imeliwa na bahari.

Jumamosi asubuhi basi letu likawa limesimama barabarani, refu, jeupe, madirisha makubwa. Dereva alikuwa mzee mwenye kaptura na miguu kama magogo. Alizungumza Kiingereza cha haraka, nami nayaandika maneno yake kwa namna nilivyoyaelewa.

"Mabegi mawili, mtu mmoja?" akaniuliza, kitabu cha majina mkononi. "Hapa nina viti viwili."

"Moja si langu. Mwenyewe hatakuja. Lakini naomba ulibebe."

Alinitazama kidogo. Akaliinua begi la mume wangu, akalitia pahali pake. Mimi nilisimama pembeni, nikatia mikono mfukoni, nikamtazama. Ilichukua muda mfupi sana kwa jambo lililongojwa miaka kumi na tisa.

Pwani yao si pwani kwa mtu wa Mombasa. Bahari yenyewe ni ya hasira, upepo unatoka kwenye barafu, na hakuna anayetia mguu. Lakini kuna miamba imesimama majini peke yake, mirefu kama minara, rangi ya jibini, nchi kavu imeikimbia. Dereva alisema zamani ilikuwa mingi zaidi, huanguka mmoja mmoja, na haijulikani utafuata upi. Watu wakapiga picha. Ilikuwa Jumapili, siku ya mwisho ya kalenda ya bucha, ingawa Minneapolis ilikuwa bado Jumamosi usiku. Simu yangu ikalia, ujumbe wa sauti wa shemeji.

"Kesho ndiyo siku yenyewe. Wanawake wangekuja kwako. Uko wapi wewe?"

Nilimwomba dereva alitoe begi la marehemu. Nikaliweka kwenye majani, miamba ikiwa nyuma yake, nikalipiga picha, nikamtumia. Sikuandika neno.

Kiti cha pembeni yangu, cha dirishani, kilikuwa cha mume wangu na sikumruhusu mtu akikalie. Siku ya tatu bibi mmoja mweupe aliyekuwa nyuma yangu akaja akasimama na sweta analolifuma.

"Huku nyuma injini inanitikisa meno. Kina mwenyewe hiki?"

"Kina."

"Amekufa?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo, bila kuzungukwa. "Ndiyo," nikasema.

"Wangu pia. Mwezi wa kwanza. Basi nitakaa cha kwako, wewe hamia cha kwake."

Nikahamia. Huyo ndiye rafiki niliyempata. Aliniuliza nyeupe ile ya nini, nikamweleza eda, miezi minne na siku kumi, na kwamba sijatolewa. Aliacha kufuma.

"Mimi baada ya wiki mbili watu waliniambia nianze kucheza mpira wa mezani kwenye klabu," akasema. "Natamani ningekuwa na nguo ya kuwaambia wanyamaze."

Ndiyo maana nasema mila haikuwa adui yangu. Adui wangu ni yule anayeishika mila kama fimbo.

Kwenye mashamba ya zabibu wenzangu waliingia chumba cha kuonja mvinyo, nami nikabaki nje kwenye benchi. Mwenye shamba, kijana wa miaka kama arubaini, alinifuata na glasi ya maji.

"Hunywi?"

"Sinywi. Nimekuja kwa zabibu. Ziko upande gani?"

Akanielekeza kwa kidevu. Safu kwa safu, mpaka kilimani, vilikuwa vijiti vikavu vimefungwa kwenye waya, na kwenye kila kijiti vitone vya kijani, vidogo kama punje ya mchele.

"Ndizo hizo," akasema. "Rudi mwezi wa pili, wa tatu."

Mwezi wa tisa! Sisi wawili, tuliozaliwa upande huu huu wa chini ya dunia, tulikaa na theluji mpaka tukadhani mwezi wa tisa ni mwezi wa tisa kila mahali. Mume wangu alihesabu zabibu za Australia kwa soko la Saint Paul, kama kaka yake alivyohesabu eda yangu kwa kalenda ya bucha. Ni damu moja. Nilicheka mpaka kijana yule akakaa chini kuniuliza kulikoni. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya mkasi.

"Ulete," akasema. "Kata tawi moja, nakupa ruhusa."

"Hapana. Hakuja kukata matawi."

Alikwenda ndani akarudi na sahani ya zabibu kavu za mavuno yaliyopita, akaniachia. Nilizila zote pale pale, polepole, na sikumbakizia mtu. Kishada changu bado nakidai, na sitaki kufarijiwa juu yake.

Baada ya hapo nchi ikapauka, kisha ikawa nyekundu. Tulipita miji yenye barabara moja, kituo cha mafuta, hoteli yenye baraza, mbwa amelala. Mwisho wa yote tulifika mji wa wachimba vito ambako watu huishi ndani ya mwamba kukimbia joto. Hoteli yetu ilichimbwa chini, vyumba havina madirisha, kuta zina alama za mashine. Bafuni kulikuwa na karatasi: maji hapa yanatoka mbali, tafadhali dakika tatu tu.

Nilikuwa bado na nyeupe yangu. Kila asubuhi nilifungua begi langu, nikatazama gauni la rangi ya chungwa alilonichagulia mwenyewe kwa safari hii, nikavaa nyeupe. Mwezi ulikuwa umenitoa, na hata kalenda ya bucha ilikuwa imenitoa, lakini hakuna mkono ulionimwagia maji. Nilijua wakinipata nyumbani hivi, shemeji atanihesabia upya, tena kwa saa yake. Asubuhi ile ya pili, kabla ya chai, nikagonga mlango wa bibi yule.

"Nakuomba unimwagie maji kichwani."

"Sasa hivi?"

"Basi linaondoka saa mbili."

Hakuvua hata gauni la kulalia. Alikuja na mtungi wa plastiki wa hotelini. Nikafunga leso, nikaketi kwenye sakafu ya bafu, nikavua mtandio mweupe, nikatia nia moyoni. Nikamwambia mara tatu, aanze upande wa kulia.

"Nikiziharibu nywele usinilaumu," akasema.

Maji yalikuwa ya baridi, yana ladha ya chuma. Mtungi wa tatu aliumwaga polepole zaidi, mpaka tone la mwisho. Halafu akaketi kwenye ukingo wa bafu, naye akasema, "Nami nimwagie mmoja." Nikamwagia. Hatukuzidisha dakika tatu.

Nilivaa gauni la chungwa. Nilijitia manukato shingoni na kwenye viganja, nikajitia wanja mbele ya kioo kidogo. Tulipotoka nje kwenye jua dereva alikuwa anapanga mabegi. La mume wangu alikuwa ameshalijua, alikuwa akilitia la mwisho ili lisibanwe.

"Na huyu bibi mpya ametokea wapi?" akasema.

"Alikuwa chini," rafiki yangu akamjibu.

Nilirudi Minneapolis mchana wa Alhamisi. Teksi iliniacha mbele ya jengo letu, na nilipogeuka niliwaona wamekaa kwenye ngazi za mlango, shemeji na wifi. Wifi alikuwa na ndoo mpya, leso ndani yake, chupa ya marashi na kitunga cha asumini za kutengenezwa, kwa maana hapa za kweli hazioti. Niliona huruma. Alikuwa ameghairi yale ya kutonitoa.

Akaniangalia gauni. Akanikaribia, akanusa.

"Wifi, nani kakutoa?"

"Mjane mwenzangu."

"Wa kwetu?"

"Hapana."

Shemeji akakohoa. "Hiyo haijuzu. Panda juu ukaoge, wifi yako akutoe kama inavyopasa. Tusilikuze jambo."

"Sitaoga mara mbili, shemeji. Nilikaa eda ya kaka yako siku zote, sikupunguza hata moja. Imekwisha. Mkija kwangu mtaingia kama wageni wangu, mtakunywa chai, na nitawaonyesha alikotaka kwenda. Kama ni kwa ajili ya eda, mlango huu leo haufunguki."

Gari zilipita. Wifi alitazama ndoo, kisha akatoa leso akaikunja, akaitia begani mwake mwenyewe.

"Mimi nina kiu," akasema.

Shemeji alibaki amesimama. Nilichukua begi langu, nikaanza ngazi, wifi nyuma yangu. Jengo letu halina lifti. Lile jingine nililiacha pale pale kwenye lami.

"Na hili?" shemeji akauliza.

"La kaka yako. Alitaka libebwe na mwingine, yeye atazame."

Sikugeuka kumtazama. Nilifika ghorofa ya kwanza nikasikia mlango wa chini unafungwa, halafu hatua zake, nzito, ngazi kwa ngazi, na pumzi ya mtu mwenye mzigo. Nilipofika kwangu nilifungua, nikasimama kando ya mlango, mikono mfukoni, nikamngoja apite nalo.